Chumvi ya Mshenga

Mimi niliposwa na kiwanda cha matofali. Wanawake wengine huposwa na wajomba, au na wazee wa msikitini waliovaa kofia za kuazima. Kwangu alikuja bosi wa mume wangu. Alishuka kwenye gari lililojaa vumbi la saruji mpaka kwenye vioo, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka wa baba yangu kule Masaki, akasema wamepita wakaona ua zuri katika bustani hii. Baba yangu ana mikorosho na mihogo. Ua la pekee nyumbani siku ile lilikuwa limechorwa kwenye chupa ya chai.

Ninaposema Masaki ninasema ya Kisarawe, si ile ya Dar ya mabalozi. Watu wa mjini wakinisikia nikisema kwetu ni Masaki hunitazama usoni kwa heshima, kisha hunitazama miguuni, na heshima inaishia hapo.

Bosi alikuja kwa sababu baba wa mume wangu alikwishafariki, na baba mdogo aliyebaki hakuwa mtu wa kupelekwa kwenye nyumba ambayo watu wake hawanywi pombe. Mume wangu hakumwomba. Bosi alijitolea mwenyewe, maana yule bwana akiona watu wamekaa kimya mahali pamoja hudhani wanasubiri hotuba yake. Wafanyakazi wake aliwaita wanangu. Kwenye misiba yao alishika kipaza sauti, kwenye harusi zao alikata keki, na nadhani kama pangekuwa na njia ya kuhutubia ugonjwa wa mtu angehutubia.

Upande wetu aliyekaa mbele ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Kazi yake kwenye posa ni moja tu, kutosikia. Masikio anayo, na ukinong'ona jina lake ukiwa mikoroshoni atakuitikia. Lakini mshenga akianza kueleza habari za kijana, shangazi hukunja uso na kuegemea mbele. Anasema mshenga akirudishwa huongeza, na akiongeza ndipo unapojua kijana ana nini.

"Kijana anafanya kazi gani?" aliuliza.

"Anafanya kazi kwangu, mama. Tunafyatua matofali ya saruji kule Mbwawa."

"Rudia baba, kuna upepo."

Hapakuwa na upepo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sufuria la pilau, na hata pazia halikutikisika.

"Nasema ni mfanyakazi wangu. Ninamtegemea sana."

"Rudia, jogoo huyo."

Bosi akapiga magoti juu ya mkeka, maana sasa alikuwa amepata hadhara. "Mama, huyu ni mfanyakazi wangu wa kudumu! Akiugua, akiumia, mimi ndiye wa kuulizwa!"

"Haya, hapo nimesikia," alisema shangazi, na ikasomwa Fatiha.

Kudumu. Nililipenda neno lile. Kwetu kila kitu ni cha msimu: korosho zina msimu wake, mkaa una msimu wake, hata vijana wa bodaboda hupotea mvua zikikata barabara. Huyu wangu alikuwa wa kudumu, na nilipowapelekea pilau niliongeza nyama kwenye sahani ya bosi.

Tulipanga chumba Sofu, si mbali na kiwanda, kwenye nyumba yenye duka la mangi kwa mbele. Bosi alimpa mume wangu ruhusa ya fungate na akamwambia asirudi kazini mpaka ashibe. Kumbukeni ruhusa hiyo. Mimi sikuikumbuka mpaka mume wangu alipoulizwa.

Mume wangu alikuwa kwenye mashine ya kuchanganyia zege. Mkanda wa ile mashine ulikuwa na kifuniko cha bati, na kifuniko kilikuwa kimeng'oka muda mrefu, kimewekwa ukutani kusubiri fundi wa kuchomelea. Siku moja shati lake lilinaswa na mkanda, na mkono wa kulia ukafuata shati.

Kwa haki ya Mungu niseme ukweli: siku ile bosi alilia kuliko mimi. Alimbeba kwenye gari lake mwenyewe, akaendesha huku amewasha taa na kupiga honi, na hospitalini aliwaambia manesi, "Ni mwanangu huyu, nisaidieni." Nilimkuta kwenye benchi na damu kwenye suruali, amevua kofia. Mtu akiniambia machozi yale yalikuwa ya uongo nitagombana naye.

Mkono ulipona kwa nje. Kwa ndani vidole vilijikunja na kukaa hivyo, kama mtu aliyekamata kitu asichotaka kukiachia. Daktari alisema unahitaji kufunguliwa kwa upasuaji mwingine Dar, na mapema, kabla haujazoea kujikunja. Hilo ndilo tulilohitaji. Sikuhitaji utajiri wa mtu.

Mtu wa bara asiyeishi na sisi anaweza asielewe mkono wa kulia ni nini. Mume wangu ni mtu wa salamu. Akitoka msikitini alikuwa anachelewa kwa sababu ya kupeana mikono. Sasa mkono wa kulia haukufunguka, na wa kushoto humpi mtu, ni matusi. Basi akawa anatumbukiza ule wa kulia mfukoni na kuitikia salamu kwa kichwa. Baada ya muda akaanza kusalia nyumbani. Mtoto wa mwenye duka aliniuliza kama baba wa chumba cha nyuma amenuna, nikamjibu vibaya, mtoto wa watu.

Nilikwenda Mbwawa kumwona bosi kuhusu upasuaji. Nilimkuta kwenye kiti chake cha plastiki, akanikaribisha vizuri, akaagiza soda. Kisha akaruka kimanga.

"Mwanangu, mimi mumeo namsaidia kama baba. Lakini kisheria si mtu wangu. Ni kibarua wa nyapara. Nyapara ndiye anayekusanya vijana, na nafasi ya mumeo ameshampa mwingine. Mimi nanunua tofali tu."

"Unanunua tofali kwenye kiwanda chako mwenyewe?"

"Wakili ndivyo alivyonieleza."

Nyapara alikuwa hatua chache kutoka pale, anamwagilia tofali maji. Nilipomtazama aliinamia mpira wa maji kana kwamba umempigia simu. Yeye mwenyewe alivaa fulana iliyoandikwa jina la kiwanda, na chumba alicholala kilikuwa cha bosi. Ndiye tajiri tuliyeambiwa tukamdai.

Jioni hiyo bosi alifungua kundi la WhatsApp. Aliliita "Tumshike Mkono Ndugu Yetu", na sijui kama aliliona alilolifanya. Alijiweka mwenyekiti. Aliwaingiza wateja wa tofali, shemeji zake, imamu, kwaya ya mkewe, na mume wangu, mgonjwa mwenyewe, ili aone anavyohurumiwa. Watu wakaanza kutuma vipicha vya viganja vilivyounganishwa na vya maua. Mtu mmoja akauliza bei ya tofali za inchi sita. Nikaichukua simu ya mume wangu nikamtoa, na watu wote wakaona maandishi kwamba ndugu yao amejitoa. Bosi alinipigia akasema nina kiburi. Nilimwambia kiburi ninacho, nilikikuta kwa shangazi.

Ndivyo tulivyofika kwenye Tume, mahali wanapopelekwa wafanyakazi na waajiri walioshindwana. Mume wangu alitaka jambo moja litamkwe, kwamba alikuwa mfanyakazi wa bosi. Likitamkwa, mkono ni mzigo wa mwajiri. Lisipotamkwa, ni mzigo wetu, na baba alikwishaanza kuizungukia mikorosho yake akiitazama kwa macho ya kuuza.

Kwanza tulisuluhishwa, hatukusuluhika. Bosi alirudia kwamba yuko tayari kusaidia. Mume wangu akasema hataki kusaidiwa. Wakati huo nilimpenda sana, na pia nilitaka kumpiga, kwa sababu msuluhishi alikuwa anaelekea kumshawishi bosi aongeze kitu. Tukapelekwa kwa mwamuzi.

Mwamuzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na kikohozi, na feni ya chumba chake ilikuwa inapuliza karatasi kuliko watu. Wakili wa bosi alikuwa kijana wa suti ya bluu, mwenye adabu. Alimwita mume wangu "ndugu mlalamikaji" na akamuuliza maswali mafupi. Una mkataba wa maandishi? Sina. Jina lako liliandikwa na nani asubuhi? Na nyapara. Asiyekuja kazini aliulizwa na nani? Na nyapara. Kila jibu lilikuwa la kweli, na kila jibu lilituzamisha. Mume wangu hajui kusema uongo, ni kasoro niliyoishi nayo.

Kisha mwamuzi mwenyewe akamuuliza kama aliwahi kukosa kazini siku kadhaa mfululizo.

"Nilipooa."

"Ulifanyaje?"

"Nilimwomba bosi ruhusa."

"Nyapara je?"

Mume wangu akashangaa. "Nyapara angenipa ruhusa ya fungate kama nani?"

Mwamuzi akaandika. Mimi nikajipiga paja kwa furaha, karani akanitazama.

Shahidi wetu mwingine alikuwa shangazi. Alikuja kutoka Masaki kwa pikipiki hadi Kisarawe mjini na kuendelea na safari, amevaa doti mpya ya kanga na miwani ya jua ya mjukuu. Mwamuzi akamwambia, "Shikamoo mama," naye akaitika marahaba ndefu na kuuliza kama huyu binti ameolewa. Alipoambiwa aape, akaapa. Alipoambiwa imetosha, akaapa tena.

Akaeleza posa yote. Mkeka, viatu, ua, jogoo. Alipofika kwenye "mimi ndiye wa kuulizwa", alipiga magoti akamwigiza bosi vizuri mpaka karani akaficha uso. Bosi alikuwa anatazama chini. Nilidhani tumeshinda.

Wakili akasimama. "Mama, siku ile kulikuwa na upepo?"

Shangazi akaiweka sawa miwani ya jua.

"Umeapa, mama."

"Haukuwepo."

"Kwa hiyo ulimdanganya mshenga kwamba husikii."

"Hiyo ni desturi."

"Asante. Na mshenga kumsifu kijana kupita kiasi, siyo desturi? Mama, posani nani hasemi kijana wetu ana kazi nzuri, hanywi, hapigi? Mteja wangu alitia chumvi tu. Kila mshenga hutia chumvi. Tukiwashitaki washenga, nani ataoa Pwani hii?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kabla sijajua ninacheka nini. Kisha nikaona mume wangu hacheki. Lilikuwa jibu zuri, kusema kweli. Nimewahi kuwasikia washenga wakimpa mtu shamba la mananasi alilopita tu kwa basi.

Shangazi alivua miwani ya jua. Alikuwa amekasirika, na shangazi akikasirika hupunguza sauti.

"Baba, wewe umeoa?"

"Mimi ndiye ninayeuliza, mama."

"Haya. Chumvi hutiwa kwenye nini?"

Wakili akamtazama mwamuzi, mwamuzi hakumsaidia.

"Kwenye mboga," shangazi akajijibu. "Haitiwi kwenye chungu kitupu. Mtu akitia chumvi, mboga ipo. Angesema kijana ni meneja, hiyo chumvi ningeila, nimezoea. Lakini kazi yenyewe ipo au haipo? Kama haipo, huyu hakutia chumvi, huyu aliniuzia chungu. Na kama aliniuzia chungu, mimi nimemwoza mtoto wa mdogo wangu kwa kibarua. Kibarua ni wa leo, hapewi mke. Basi leo ninamchukua mtoto wangu, ninarudi naye Masaki."

Karani alicheka. Mwamuzi akakohoa, akasema Tume haina mamlaka juu ya ndoa, akatupa mapumziko.

Tukakaa kwenye benchi la nje, mimi na mume wangu. Nilikuwa nimenunua maandazi. Bado nilikuwa natabasamu kwa ajili ya ile mboga, nikageuka kumwambia, nikamkuta anatazama ukuta.

"Ungekubali?" aliniuliza.

"Nini?"

"Siku ile. Bosi angesema kijana ni kibarua wa nyapara. Ungekubali?"

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Hasira kwa shangazi na mdomo wake, kwa wakili na suti yake, na kwake yeye kwa kuniuliza jambo lile penye watu. Na hasira nyingine kwa sababu jibu halikuja haraka. Nililikumbuka lile neno nililolipenda nyuma ya pazia, nikajiuliza nilipenda neno au mtu, na yeye amekaa hapo ananisubiri, mkono mfukoni.

"Kula andazi lako," nikamwambia. Halafu nikaona ana andazi mkono wa kushoto na hali, maana bado hakuzoea kula kwa kushoto mbele ya watu. Nikalimega nikamlisha. "Ningekubali, mpumbavu wewe. Ningegombana na shangazi mwaka mzima, lakini ningekubali."

Akatafuna. Alikula yote.

Uamuzi ulisomwa siku nyingine. Ulikuwa mrefu na wenye vifungu vingi, na shangazi, aliyekuja tena bila kuitwa, aliusubiri kama anayesubiri jina lake kwenye redio. Mwamuzi alisema maneno ya posani peke yake si mkataba wa kazi, na kwamba Tume haiwezi kuwapima washenga kwa mizani ya sheria. Shangazi akasonya. Mwamuzi akaendelea. Mashine ilikuwa ya mlalamikiwa, saruji ya mlalamikiwa, nyapara mwenyewe alikula na kulala kwa mlalamikiwa. Ruhusa ilitolewa na mlalamikiwa. Mtu anayeweza kukuruhusu kuondoka ndiye uliyekuwa kwake. Na alipoulizwa na wazee kijana huyu ni wa nani, kabla ya ajali na kabla ya wakili, mlalamikiwa alijibu kwa hiari yake. Tume inaona alilolitia chumvi lilikuwepo.

Hivyo mume wangu alikuwa mfanyakazi. Aliachishwa kazi isivyo halali, na mwajiri anawajibika kumrudisha kazini na kugharamia matibabu ya mkono wake.

"Chungu hakukitaja," shangazi alininong'oneza. "Kachukua chumvi kaacha chungu."

Mimi nilikuwa nalia. Nililia vibaya, kwa makamasi, na kanga ya shangazi ndiyo iliyonifuta, yeye akinung'unika kwamba ni mpya.

Tulitoka kwenye ukumbi. Bosi alisimama karibu na mlango, wakili anamweleza habari za kwenda mahakamani kuomba uamuzi upitiwe upya, kwamba zipo hoja, kwamba nyapara anaweza kuongezwa. Bosi alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amezeeka, au labda ni kwa sababu alikuwa hana mtu wa kuhutubia. Alipotuona aliinua kiganja kumnyamazisha wakili.

"Basi," akasema. "Nilisema mwenyewe. Wazee walinisikia."

"Mara tatu," alisema shangazi.

Bosi akamjia mume wangu. Na kwa mazoea, kama anavyofanya kwenye kila msiba na kila harusi, alinyoosha mkono wa kulia. Nikaona usoni mwake alipokumbuka. Alitaka kuurudisha, lakini mkono wa salamu ukishanyooshwa haurudi.

Mume wangu akautoa wake mfukoni. Tangu ajali hakuwahi kuutoa mbele ya mtu zaidi yangu na daktari. Ulikuwa umejikunja, kovu limeng'aa, kidole cha mwisho kimepandana na cha pili yake. Akaunyoosha mpaka kwa bosi akauacha pale hewani.

Bosi aliutazama. Hakuwa ameuona tangu ulipofungwa bandeji hospitalini. Viganja vyake viliuzunguka bila kuugusa, vinatafuta pa kushika, na midomo yake ikawa inachezacheza kama inayotafuta hotuba isiyokuwepo.

"Shika tu, bosi," mume wangu akamwambia. "Hauumi."

Bosi akaushika kwa mikono yote miwili.

Shangazi alifungua mdomo, nikambana kiwiko. Ulikuwa unauma. Mimi ndiye ninayeukanda kwa maji ya moto kila asubuhi, najua.